Machozi ya Ng'ombe wa Karanja

Wanjiru mwanangu,

Mama yako ameshakueleza habari ya maji ya kuchemsha, ya neti, na ya kutotembea peke yako jua likishazama. Nimemsikia kutoka huku sebuleni. Sina la kuongeza hapo, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kumtunza mtu. Mimi nimebakiwa na jambo moja ambalo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso tangu ulipopangiwa kazi Garissa. Jumapili, tulipokuwa tunatoka kanisani, nilianza. Ukageuka ukanitazama, nikaishia kukuuliza kama umenunua viatu vya kazi.

Ni habari ya baba yako mkubwa, Karanja. Ninajua unaijua, ulikuwepo. Lakini wewe uliiona ukiwa umesimama upande wake wa ua, na hatujawahi kuizungumza, wewe na mimi, miaka hii yote ambayo umekuwa ukisomea kazi yangu. Siandiki ili unitetee. Ninaandika kwa sababu siku si nyingi utasimama mbele ya zizi la mtu usiyemjua na kumwambia kwamba ng'ombe wake wana ugonjwa wa sotoka. Chuo kimekufundisha sotoka ni nini. Hakuna aliyekufundisha namna ya kusimama pale, na mimi ningaliweza kukufundisha.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano. Karanja alikuwa kifungua mimba na mimi kitinda mimba, na katikati walikuwa dada zetu. Aliacha shule bila kuambiwa na mtu. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu pale Uthiru, na Karanja akamfanya yule ng'ombe kuwa baba yetu. Alikuwa anakamua kukiwa bado giza, anafunga mikebe nyuma ya baiskeli, anashuka hadi Westlands, anazunguka mpaka Kilimani, nyumba kwa nyumba. Yale yaliyobaki aliyapeleka kule Upper Hill, kwa wauguzi wa ile hospitali kubwa. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi huko Kilimani ambaye kila Januari alimpa sare za mwanawe zilizokuwa zimembana, na mimi nikazivaa. Nilikwenda shule na nguo za mtoto nisiyemjua na tumbo lililojaa maziwa ya Karanja.

Nilipokubaliwa kusomea udaktari wa mifugo, alizunguka soko lote akiwaambia watu, "Huyu mdogo wangu anasomea ng'ombe zangu." Aliamini kabisa. Akilini mwake serikali ilikuwa imejenga chuo kizima ili ng'ombe wake Nyakeru asiumwe.

Unamkumbuka Nyakeru. Si yule wa kwanza. Uliyemjua wewe alikuwa mjukuu wa mjukuu wake, lakini kila ng'ombe mweupe pale kwake aliitwa Nyakeru. Ulikuwa ukimpa chumvi kwenye kiganja ulipokuwa mdogo.

Mwaka ule chuo chenu kilipofungwa kwa sababu ya migomo, mimi nilikuwa na ofisi katikati ya jiji, ghorofani, na watu chini yangu. Nilikuwa nimetoka kupelekwa kwenye mbuga iliyo kusini mwa mji. Askari wa wanyamapori walikuwa wamepata nyati waliokufa, na pofu pia, wale swala wakubwa. Nilimwona nyati mmoja dume amesimama karibu na ua wa waya, macho yamefunikwa na ukungu mweupe, machozi yametengeneza mifereji miwili usoni. Alikuwa haoni. Alikuwa akizunguka pale pale, akigonga kichaka kile kile, anarudi nyuma, anakigonga tena. Nyuma yake majengo ya Nairobi yalionekana waziwazi. Askari mmoja aliniuliza, "Daktari, hii imetoka wapi?" Nikamwambia imetoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wa huko tambarare anaweza kuipata sotoka hii kidogo tu, anatoa machozi, anaharisha, kisha anapona. Ila akinywa maji mahali nyati anapokunywa, nyati haponi. Na inaporudi kutoka kwa nyati kwenda kwa ng'ombe wengine, hakuna ajuaye itarudi na ukali gani.

Yule askari akampiga nyati risasi. Nilirudi nyumbani sikula. Mama yako alidhani nina malaria.

Haikupita muda mrefu, Jumapili moja baada ya ibada, nikapita kwa Karanja kama kawaida. Alikuwa na furaha, alitaka nione kitu. Alikuwa amenunua mitamba huko tambarare, nje ya mbuga, ya bei nzuri, na alikuwa ameichanganya na ng'ombe wake. Nilipoingia zizini niliona machozi kabla sijaona kitu kingine chochote.

"Hawa wana nini?" nikamuuliza.

"Ni mafua," akasema. "Ni vumbi la huko walikotoka. Wiki jana walikuwa vibaya, sasa wanakula. Angalia mwenyewe, si wanapona?"

Na kweli walikuwa wanapona, Wanjiru. Hilo ndilo nataka ulishike. Nilimfungua mmoja mdomo, nikaona vidonda kwenye ufizi vikianza kukauka. Nilikwenda kwenye gari, nikaleta pamba na chupa ndogo, nikawapangusa macho mmoja baada ya mwingine. Karanja alikuwa ameegemea nguzo, akaanza kucheka. "Tazama daktari," akasema. "Anawapangusa machozi kama watoto."

Nami nikacheka. Nilitia ile pamba kwenye chupa, nikafunga kifuniko, nikacheka pamoja naye. Sikumwambia ni ya nini. Nilijiambia kwamba si vizuri kumtia mtu hofu kabla ya majibu kutoka maabara. Sababu ilikuwa nzuri. Karibu kila mara nilipomkosea mtu nilikuwa na sababu nzuri.

Majibu yalitoka. Mkubwa wangu aliyasoma, akauliza, "Hii boma ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya ndugu yangu.

 Alikuwa mtu mwema, simlaumu. Akasema, "Basi wewe usiende. Si vizuri. Tuma vijana."

Ilikuwa imeamuliwa kwamba wale wagonjwa na wote waliolala nao zizi moja waondolewe na kuuawa, kisha ng'ombe wa majirani wote wachanjwe. Mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza hivyo, nikiwa na yule nyati kichwani. Mkubwa wangu alikuwa ameniambia tu nisiifanye ile kazi kwa mkono wangu. Hakunikataza kwenda kwa ndugu yangu jioni ile, kuketi na kumwambia, "Karanja, kesho watu watakuja, na hii ndiyo sababu." Lakini nililipokea neno lake kama ruhusa ya kutokwenda kabisa. Nililipokea kwa shukrani.

Unajua njia ya kuja kwetu inapita mbele ya geti lake. Jioni ile nilipita. Niliona taa ya chemni zizini, nikasikia sauti ya maziwa yakiingia kwenye ndoo. Nilipunguza mwendo. Kisha nikakanyaga mafuta, nikaja nyumbani, nikala chakula, nikasoma gazeti.

Ya siku iliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulikuwa umekwenda kumsaidia kukata majani ya nepia. Mimi nimeyapata kwa mama yako mkubwa, Mama Njeri, vipande vipande, na nimeyaunganisha mwenyewe. Kwamba Land Rover ilisimama getini pamoja na gari la polisi. Kwamba Karanja alitoka na panga la nepia mkononi na askari mmoja akamwambia aliweke chini, akashangaa, akaliweka. Kwamba aliuliza, "Nyinyi mnataka nini kwa boma yangu?" Wakamweleza. Akawaambia wangoje, mdogo wake ni daktari mkubwa huko mjini, apigiwe simu kwanza, kuna makosa.

Kijana mmoja wa ofisini kwangu akamjibu, "Mzee, yeye ndiye ametutuma."

Mama Njeri anasema Karanja aligeuka. Aliingia ndani, akavaa shati lake la Jumapili, akalifunga vifungo vyote, akatoka. Akaomba awatoe ng'ombe zizini mwenyewe, kwa sababu Nyakeru hapendi kushikwa na mtu mgeni. Wakamkatalia. Walikuwa wamepewa amri kwamba mwenye mifugo akae mbali, na amri ile ilikuwa na sahihi yangu. Polisi akamshika mkono. Ulipowaambia wewe ni mwanafunzi wa mifugo, wewe uwatoe, wakakuweka kando pia.

Nyakeru hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa tu amelala nao zizi moja. Alikuwa wa mwisho kutolewa, na alipiga kelele mpaka majirani wa ng'ambo ya barabara wakatoka nje.

Mimi wakati huo nilikuwa mjini, kwenye mkahawa ulio chini ya ofisi yetu, ninakula sambusa. Naziona bado. Niliagiza mbili, nikazila zote, nikaagiza chai.

Niliporudi ulikuwa umeketi kwenye ngazi ya nyuma na gambuti zako, hujazivua. Uliniuliza, "Baba, ulikuwa wapi?"

Nikakujibu, "Kazini."

Ukainuka ukaingia ndani. Nimefikiri mara nyingi kwamba mtoto wangu wa pekee aliondoka nyumbani siku ile, na kwamba kesho unamalizia tu safari.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda litakuudhi. Kuwaondoa wale ng'ombe hakukuwa kosa. Nimejichunguza huko miaka yote, nikitamani nipate kosa, maana ningelitubu nikapumzika. Sikulipata. Ugonjwa ulikomea pale. Majirani zetu hawakupoteza ndama hata mmoja, na wengi hawajui hadi leo walichoponea. Ningepewa ile karatasi tena ningeweka sahihi tena, ila ningebadilisha mstari mmoja, ule wa mwenye mifugo kukaa mbali. Kazi niliifanya sawasawa, mwanangu. Undugu ndio sikuufanya. Nilidhani nikifanya kimoja vizuri, kile kingine kitanisamehe.

Nilikwenda kwake Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Hakunifukuza. Angenitukana ningepona. Alikuwa akinikaribisha kwa adabu, kama mtu aliyekuja kukagua shamba. "Karibu, afisa," aliniambia. Ndugu yangu, aliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Mama Njeri alileta chai ya rangi. Katika nyumba ile, Wanjiru, chai ya rangi. Alikuwa akiiweka mezani bila kuniangalia, na Karanja alikuwa akiinuka taratibu, anakwenda kusimama mlangoni mwa zizi lililofagiliwa, mgongo wake kwetu, mpaka niage.

Alipewa idhini ya kufuga tena baada ya muda wa kuzuiwa kufuga kupita. Niliileta mimi mwenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na hakununua hata mbuzi. Mikebe aliigawa. Watu walimwuliza kwa nini asianze upya, naye akawaambia amezeeka. Hakuwa amezeeka.

Ulikuwa mwaka wako wa mwisho chuoni alipopatwa na kiharusi. Walimlaza kule kule Upper Hill, kwenye hospitali aliyokuwa akipeleka maziwa ujanani. Nilikuwa nikitoka ofisini nateremka, napanda mpaka wodini, na namlisha uji kwa kijiko. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa hausikii, uji ulikuwa ukitoka, namfuta. Alikuwa akiangalia dari. Wewe ulikuwa unakuja asubuhi, mimi jioni. Nadhani tulikuwa tumepangana hivyo bila kusema.

Jioni moja alifumba mdomo, akakataa kijiko. Nikadhani ameshiba. Kisha akasema, kwa Kikuyu, polepole, kwa ule upande uliobaki, "Wale nyati. Walipona?"

Sikuwahi kumwambia habari za nyati. Sijui nani alimwambia. Nadhani ni wewe.

"Wengi walikufa," nikamwambia. "Lakini iliisha. Haijarudi."

"Na huku kwetu?"

"Huku kwetu haikuenda kwa mtu mwingine. Iliishia kwako."

Akaitika kwa kichwa, kidogo sana. Nikachukua tena kijiko. Ndipo akasema, "Ungekuja wewe. Ungeniambia wewe, ningewatoa mwenyewe. Ningewatoa wote, na Nyakeru."

Nikasema, "Ninajua."

"Hukujua," akasema. "Ungejua ungekuja."

Kisha akafungua mdomo nimlishe, akala bakuli lote.  Wiki haikuisha kabla hatujamzika.

Nimeyageuza maneno yale kila upande nikitafuta msamaha ndani yake. Mama yako anasema upo. Anasema mtu asiyesamehe hali uji wa mkono wako. Labda. Mimi husikia lile neno la mwisho tu. Na ni kweli. Nilijua kila kitu kuhusu ule ugonjwa, unaingilia wapi, unakaa muda gani katika damu, na kuhusu mtu aliyenilea sikujua jambo hili moja, kwamba alikuwa na nguvu za kubeba kile nilichoogopa kumpa. Nilimhesabu pamoja na ng'ombe wake, kama kitu cha kuzungushiwa uzio mpaka hatari ipite.

Huko unakokwenda kuna watu ambao wameijua sotoka kabla vyuo vyetu havijajengwa. Watakupa majina yake ambayo hayamo vitabuni. Watu hao ukiwaambia ng'ombe watolewe, watasikia kwamba unawaambia watoto wao wasioe na wazee wao wasinywe maziwa, na watakuwa wamesikia sawa. Wewe utakuwa na gari na chanjo na askari na sheria. Nakuomba gari ulisimamishe mbali. Nenda kwa miguu hadi walipo, keti watakapokuonyesha, na habari ile itoke kinywani mwako wewe, hata kama kuna mwenzako aliye hodari wa kuzungumza, hata kama mkubwa wako ni mtu mwema na anataka kukupumzisha. Akitaka kuwatoa mwenyewe, mwache. Kama kanuni inamzuia, simama naye, ushike kamba pamoja naye. Usiwe umekaa mahali unakula.

Siwezi kukuahidi kwamba watakupenda kwa hilo. Wengine watakulaani ukiwa umeketi hapo hapo kwenye ngozi yao. Pengine nami ningekwenda jioni ile na Karanja angenifukuza kwa panga. Huwa natamani sana angenifukuza.

Najua siku ile ndiyo iliyokufanya uishikilie kazi hii. Majirani wote wanasema umefuata nyayo za baba, nami huitika, nikijiuliza kama uliifuata ili uwe kama mimi au ili asiwepo tena mwingine kama mimi. Sijakuuliza, na sasa sitakuuliza. Yoyote kati ya hayo mawili, nitakwenda nikijivuna sokoni kama alivyokuwa akijivuna yeye.

Kuna jambo dogo la mwisho. Hawa ng'ombe wawili wa mama yako hapa nyuma, unajua anavyowapenda, na mimi pia nimeanza kuwazoea. Mmoja ana tabia ya kunilamba mkono. Ikitokea siku moja wewe ndiye mkubwa huko ofisini, na karatasi ikaletwa mezani kwako, na boma lililoandikwa humo ni hili letu, watu watakuambia usiende, ni baba yako, utaumia. Uje. Uje wewe mwenyewe, Wanjiru, kabla ya gari lolote, uingie kwa mlango wa mbele, uniite Baba, kisha uniambie. Nitalia. Usiondoke.

Safiri salama, mtoto wangu.

Baba